Mafunzo ya uwandani na uzamivu: je, niyapokee nikiwa bado sijamaliza?

Swali, kutoka kwa Mwalimu wa Mimea (Nairobi)

Wakubwa wangu na wenzangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia hii. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara ya biolojia ya chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi, na niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu. Utafiti wangu unahusu ule mgunga mfupi wa nyanda za udongo mweusi, ambao baadhi ya miiba yake hufura kwenye shina ikawa vinundu vyenye matundu, sisimizi wakafanya makao humo, na upepo ukivuma matundu yakapiga mluzi. Ninapima jinsi miti hiyo inavyochipua pale mifugo inapolisha na pale isipolisha, kusini mwa jiji, upande wa nyanda za Athi na Kapiti.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa idara aliniita ofisini. Profesa aliyeongoza mafunzo ya uwandani ya wanafunzi wa mwaka wa pili kwa miaka mingi amestaafu, na idara inataka niyarithi. Ni siku 10 kila mwaka na wanafunzi wasiopungua 60, na maandalizi yake huanza miezi miwili kabla: vibali, basi, mahema, chakula, barua za wazazi. Nina mtoto wa miaka 3 nyumbani. Isitoshe, nijuavyo mimi, vigezo vya kupandishwa cheo vinahesabu machapisho na wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia hadi wakahitimu. Siku 10 za kulala kwenye hema na vijana wa mwaka wa pili hazimo popote katika hesabu hiyo.

Lakini siwezi kusema sitaki, kwa kuwa mimi mwenyewe nilivutwa na safari kama hiyo. Mwalimu wetu alinitaka nishike tawi la mgunga huo kwa kiganja kizima bila kueleza kwa nini. Kabla sijauliza, sisimizi walikuwa wamefika kiwikoni wakiuma, na yeye akawa anauliza darasa kwa utulivu: "Hapa nani anamlipa nani, na kwa malipo gani?" Tulibishana hadi jioni. Mti unatoa nyumba na utomvu mtamu, sisimizi wanalipa kwa kumfukuza twiga, na swali lile ndilo limekuwa tasnifu yangu.

Ninachouliza ni hiki: kwa wale waliofika cheo cha profesa katika masuala ya uhifadhi, je, mafunzo haya yaliwajenga au yaliwachelewesha?

Jibu la 1, kutoka kwa Mstaafu wa Ekolojia

Binti yangu, nimefundisha ekolojia kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nimekosa safari ya uwandani mara 2 tu: mara ya kwanza nilikuwa nimelazwa kwa malaria, na mara ya pili chuo kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo unisome ukijua kwamba nina upendeleo. Ushauri wangu ni kwamba uyapokee mafunzo hayo kwa masharti yako mwenyewe, na sababu yangu si ile ambayo wakuu wa idara hupenda kuitaja wanapotaka kukubebesha mzigo, kwamba ualimu ni wito.

Ukiitazama kazi ya profesa wa uhifadhi kutoka nje, utaona orodha ya machapisho. Ukiitazama kutoka ndani, utamwona mtu anayerudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Kule Amboseli, chini ya Kilimanjaro, mwanaekolojia David Western alianza kuzifuatilia nyanda zile mwaka 1967, na mradi wa tembo wa mtafiti Cynthia Moss ukaanza 1972, kila tembo akitambuliwa kwa umbo la masikio yake na mikato iliyomo. Tembo jike huzaa takriban kila baada ya miaka 4 au 5, ilhali ruzuku nyingi za utafiti hudumu miaka 3. Ukifanya hesabu hiyo utaelewa ni kwa nini mtu aliyepata ruzuku moja akaondoka hana mengi ya kutuambia kuhusu tembo.

Mfano ulio karibu zaidi na mti wako uko Laikipia, katika Kituo cha Utafiti cha Mpala. Mwaka 1995 yaliwekwa pale majaribio ya vipande 18 vya hekta 4 kila kimoja, vilivyozungushiwa nyua za aina mbalimbali: vingine vinamruhusu ng'ombe peke yake, vingine vinaruhusu wanyamapori wa wastani lakini vinazuia tembo na twiga, na kadhalika. Ilichukua hadi mwaka 2011 ndipo Mkenya mwenzetu, Wilfred Odadi, na wenzake wakachapisha katika jarida la Science matokeo yaliyopatikana humo: wakati wa kiangazi wanyamapori huwapunguzia ng'ombe malisho na uzito, lakini wakati wa mvua ng'ombe waliolisha pamoja nao waliongezeka uzito kuliko waliolisha peke yao, kwa sababu punda milia huondoa mabua makavu na kuacha majani mabichi yaliyo chini. Mfugaji anayemlalamikia punda milia mwaka mzima ana haki kwa nusu ya mwaka. Jibu kama hilo halipatikani kwa msimu mmoja, na wala halipatikani kwa mtu mwenye haraka.

Kisha mwaka 2024, katika jarida hilo hilo, Douglas Kamaru, naye Mkenya, pamoja na wenzake walionyesha kilichotokea Ol Pejeta, hifadhi nyingine ya huko Laikipia, baada ya kuvamiwa na sisimizi wa kigeni mwenye kichwa kikubwa. Mvamizi huyo huua sisimizi wanaoulinda mgunga wako. Mti ukikosa walinzi, tembo huuvunja. Miti ikipungua, mbuga huwa wazi, na simba hukosa mahali pa kujificha anapomvizia punda milia. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, na kufikia 2020 walikuwa wamepungua hadi asilimia 42, huku simba wakiwa wamegeukia nyati. Kutoka kwa sisimizi hadi kwa nyati! Sasa fikiri ni watu wangapi waliopita chini ya miti ile wakihesabu vinundu, bila kujua kwamba hesabu yao ingekuja kueleza mlo wa simba.

Wenzetu wenye vituo na wafadhili wana njia yao ya kurudi kila mwaka. Mhadhiri wa chuo cha umma cha Nairobi, ambaye mshahara wake unajulikana na ambaye ruzuku yake ikipatikana ni ya miezi 18, atarudi vipi? Mimi nilirudi kwa basi la wanafunzi. Mafuta yalikuwa ya chuo, chakula kilikuwa cha chuo, na mikono 60 ya kushika futi za kupimia ilikuwa yangu kwa siku 10, mwezi ule ule, mahali pale pale. Takwimu zangu bora zaidi, zile zilizonipa uprofesa mshiriki, zilitoka kwenye madaftari ya mwaka wa pili.

Wala si takwimu tu. Kila mwaka, siku ya kwanza, nilikuwa nikisimamisha basi ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi mbele ya kundi la kongoni, nikawapa wanafunzi dakika 3 za kuhesabu, kila mtu peke yake, kwa penseli na bila kuzungumza. Mwaka mmoja viti vinne vya mbele vilitoa idadi 4: 31, 38, 29 na 44. Kongoni walikuwa wamesimama mita 200 tu, mchana kweupe. Wengine waliwasahau ndama waliolala, mmoja aliwahesabu mara mbili waliokuwa wakitembea, na yule wa 44 alikuwa amewajumlisha swala granti watatu waliosimama nyuma. Baada ya hapo ndipo niliwaeleza kwamba ile habari ya wanyamapori wa Kenya kupungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016 ilitokana na hesabu za angani, yaani binadamu aliyeketi kwenye ndege ndogo inayokwenda kasi, akitazama chini. Mwanafunzi aliyekosea kongoni 9 akiwa ameketi kitini anajua namna ya kuisoma takwimu hiyo: haidharau, lakini anauliza kosa lake ni kiasi gani na lilirekebishwa vipi. Sijawahi kufaulu kulifundisha jambo hilo ukumbini, hata kwa slaidi nzuri namna gani.

Masharti niliyokutajia ni mawili tu. Mahali pawe pale pale kila mwaka, na mahali hapo pawe kwenye vipande vyako vya utafiti.

Jibu la 2, kutoka kwa Msanifu wa Maabara

Nakubaliana na Profesa, ila maprofesa husahau nani aliyepakia basi. Mimi ni msanifu wa maabara na nimekwenda fildi, kama wanafunzi wanavyoiita, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kabla hujakubali, dada, omba mambo yafuatayo kwa maandishi kutoka kwa mwenyekiti: jina la msanifu atakayekwenda nawe, ahadi kwamba posho ya dereva na mpishi italipwa kabla ya kuondoka, na mtu atakayesahihisha mitihani yako wiki hiyo. Mwaka mmoja tulifika kambini na wanafunzi 70 huku fedha za chakula zikiwa bado zinasubiri sahihi mjini. Mhadhiri aliyekuwa nasi alilipia unga, maharagwe na sukuma wiki kwa simu yake mwenyewe kwa siku 3, na kurudishiwa kulichukua miezi 7.

Jambo jingine ni viatu. Udongo ule mweusi mvua ikinyesha hushika mguu kama simenti, na kila mwaka kuna kijana anayekuja na raba nyeupe. Andika "gambuti" kwenye barua ya wazazi kwa herufi kubwa. Waambie pia waje na penseli, kwa maana wino wa kalamu ukilowa, kazi ya siku nzima huishia kuwa doa la samawati.

Jibu la 3, kutoka kwa Nilihama Chuo

Samahani kwa kuleta upande mwingine wa hadithi, lakini ninadhani dada anastahili kuusikia kabla hajatia sahihi. Mimi niliongoza mafunzo kama hayo mara 5 nikiwa mhadhiri msaidizi, katika chuo ambacho sitakitaja. Uzamivu wangu ulichukua miaka 8. Kutokana na safari zote 5 sikuchapisha hata makala moja, na sababu ni hiyo hiyo aliyoitaja Profesa bila kuikazia: hatukurudi mahali pale pale. Mwaka mmoja bajeti ilitosha kwenda msitu wa Kakamega, mwaka uliofuata ikatosha kufika Naivasha tu, wa tatu tukaishia Karura kwa siku 4 kwa sababu kulikuwa na mgomo. Nilibaki na masanduku ya madaftari ambayo hayawezi kuunganishwa, kwa maana huwezi kulinganisha ndege wa msitu wa mvua na ndege wa ufukwe wa ziwa ukasema umeona mabadiliko.

Tena tuwe wakweli kuhusu ni nani anayepewa kazi hii. Katika idara yangu tulikuwa wahadhiri wasaidizi 4, wanaume 3 na mimi. Wao walionekana "wana utafiti", mimi nikaonekana "nawaweza wanafunzi". Profesa anasema alirudi kwa basi la wanafunzi, nami namwamini, lakini ningependa kujua kama alikuwa amekwisha kupata uzamivu wake alipoanza, na kama nyumbani kulikuwa na mtu wa kumchukua mtoto shuleni.

Sasa ninaandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira katika kampuni moja hapa jijini. Si kazi mbaya, na ule uzoefu wa kambi unanisaidia kila wiki. Lakini nilitaka kuwa profesa.

Mwuliza swali

Asanteni sana, nyote. Nilihama Chuo, umeniandikia kile nilichokuwa nikikiogopa bila kukipa jina. Niseme tu kwamba mama yangu amekubali kukaa na mtoto kwa siku hizo 10, ingawa hilo halifuti hoja yako.

Nimerudi kwa mwenyekiti, naye anasema mahali ninaweza kuchagua mwenyewe ilimradi pawe karibu na gharama ya basi ipungue. Kwa hiyo vipande vyangu vinafaa. Hata hivyo nina maswali mawili. La kwanza, ardhi ya upande ule inagawanywa na kuuzwa kila siku. Nina kipande kimoja ambacho mwaka jana kilikuwa malisho ya wazi na sasa kina waya na msingi wa nyumba. La pili, je, hesabu zilizofanywa na wanafunzi wa mwaka wa pili zinaweza kuingia katika tasnifu ya uzamivu bila watahini kuzikataa?

Jibu la 4, kutoka kwa Mstaafu wa Ekolojia

Nianze na Nilihama Chuo, kwa sababu ameniuliza moja kwa moja. Hapana, sikuwa mwanafunzi wa uzamivu nilipoanza. Nilikuwa nimemaliza tayari. Na ndiyo, nyumbani kulikuwa na mke wangu, ambaye naye alikuwa mwalimu na ambaye hakupewa cheo kwa ajili ya miaka hiyo. Swali lako ni la haki. Kwa hiyo naongeza sharti la tatu: yawe ni kwa zamu, miaka 2 wewe na miaka 2 mwenzako, mkitumia vipande vile vile na fomu zile zile, ili takwimu ziendelee hata wewe ukiwa nyumbani unaandika.

Kuhusu ardhi, usikihuzunikie sana kipande kilichozungushiwa waya. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba zipatazo 117, ina ua pande zote isipokuwa kusini, ambako Mto Mbagathi ndio mpaka. Mnyama anayevuka mto huo anaingia katika ardhi ya watu. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya mbuga na nyanda za Athi na Kaputiei walikuwa zaidi ya 30,000 mwaka 1978, na kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Nyua na majengo ni miongoni mwa sababu kubwa. Weka basi vipande vyako pande zote mbili za mto. Ndani una wanyamapori bila mifugo. Nje una mifugo, wanyamapori wachache, na nyua zinazoongezeka. Kila waya mpya uandike tarehe yake uliyoiona, upige picha kutoka sehemu ile ile, uendelee kuihesabu miti mwenye shamba akikuruhusu. Miaka 6 baadaye utakuwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyepanga kukipima. Ila kwa vipande vya ndani, anza mapema kushughulikia leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa za wenye mamlaka ya wanyamapori. Haziji kwa wiki moja, na askari wa mbuga lazima awe nanyi mnaposhuka kwenye gari.

Kuhusu wanafunzi, mtahini mwenye akili hataikataa hesabu yao ukimwonyesha kiasi cha makosa yake. Kila mti upe namba, kisha makundi mawili yauhesabu kwa nyakati tofauti, kundi la pili lisiyaone madaftari ya la kwanza. Tofauti kati yao ndiyo kipimo chako cha makosa, nayo uichapishe bila aibu. Mwaka wako wa kwanza rudia mwenyewe mti mmoja katika kila 10. Na jambo ambalo mimi nilijifunza kwa hasara: usiwape wanafunzi alama kwa kupata idadi "sahihi". Niliwahi kufanya hivyo, na mwaka huo makundi yote 8 yalileta idadi zilizofanana kupita kiasi, kwa kuwa usiku walikuwa wamekaa kwenye moto wakipatanisha. Wape alama kwa usafi wa daftari, kwa maelezo ya walichokiona, na kwa kukiri walipokuwa na shaka. Mwanafunzi aliyeandika "vinundu 40 au 43, tawi la juu sikuliona vizuri" nilimpa alama kubwa kuliko wote, na sasa yeye mwenyewe anafundisha.

Wape pia haki yao. Majina yao yaingie katika shukrani za tasnifu, na ukipata wawili wenye bidii, wafanye mradi wao wa mwaka wa nne kwenye vipande hivyo hivyo. Baadaye watakuwa wanafunzi wako wa uzamili, na hao sasa wamo katika ile hesabu ya vyeo unayoihofia.

Jibu la 5, kutoka kwa Nilihama Chuo

Profesa, asante kwa kujibu bila kuzungukazunguka. Zamu ya miaka 2 kwa 2 ningeikubali hata mimi. Dada, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha idara, si kwenye mazungumzo ya ofisini tu.

Jibu la 6, kutoka kwa Msanifu wa Maabara

Kabla hamjaondoka, jambo la vigingi. Vya mbao mchwa watavimaliza kabla ya mwaka kwisha, na vya chuma vikionekana vitauzwa kama vyuma chakavu kabla ya mwezi kwisha. Sisi tulikata nondo vipande vya sentimita 40, tukavipigilia hadi vikazama chini ya majani, tukaandika vipimo vya GPS na umbali wa kila kimoja kutoka kwenye mti wenye namba. Ukirudi unavitafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Ninazo nondo zimebaki stoo. Ukipata gari, pitia uzichukue.